UZI: Wakianza kutoza mafuta na chumvi, Malindi tutabaki na nini?

#1 Mwana wa Mkwezi (Ganda)
Salamu wanajamvi. Juzi nilimpeleka mama kliniki ya presha hapa mjini. Kijana aliyemhudumia, mpole sana, alimwambia apunguze chumvi, apunguze sukari, na nazi aiache kabisa. Mama akaitikia, "Haya mwanangu." Tulipofika nyumbani akavuta mbuzi, akaketi, akakuna nazi mbili. Namuuliza, ananijibu: "Kaniambia niache nazi. Mchicha niupike na nini hakuniambia."

Lakini si hilo lililonileta. Tukiwa foleni mzee mmoja alisema kuna ushuru waja wa vyakula vibaya, umeamuliwa Geneva. Nimesoma kidogo. Kweli Shirika la Afya Duniani, WHO, Julai 2025 lilizindua mpango wa kuzitaka nchi zitumie ushuru kupandisha bei za tumbaku, pombe na vinywaji vya sukari kwa angalau asilimia 50 kufikia 2035. Mafuta na chumvi sikuviona humo. Ila nasikia Denmark walishawahi kutoza mafuta. Swali langu ni hili: ushuru kama ule ukifika kwetu, nazi itawekwa kundi gani? Sisi Ganda hatuna zao jingine la kutegemea.

#2 Kunguru wa Sokoni
Mama ameshajibu uzi wote. Fungeni.

#3 Hesabu Kavu
Mkwezi, Denmark ilikuwa hivi. Oktoba 2011 walianza kutoza mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda yakipoa, krona 16 kwa kila kilo ya mafuta hayo yaliyomo ndani ya chakula, chakula kikiwa nayo zaidi ya asilimia 2.3. Siagi, jibini, nyama, mafuta ya kupikia, vyote vilihesabiwa. Januari 2013 ukafutwa. Watu walikuwa wanavuka kwenda Ujerumani kununua siagi, na wenye maduka wakalia.

Sasa piga hesabu ya nazi. Mafuta ya nazi ni zaidi ya asilimia 80 mafuta yaliyoshiba. Kilo moja ingebeba kama krona 13 za ushuru. Mawese ni kama nusu tu. Kwa kipimo kile nazi ndiyo mshtakiwa nambari moja.

Lakini usimtishe mama. Ushuru wa bidhaa hukamatwa kiwandani au bandarini. Nazi aliyoikuna kwenye mbuzi wake hakuna afisa wa kuipima. Atakayebanwa ni anayenunua mafuta ya mtungi dukani.

#4 Bi Mahamri (Maweni)
Hapo kwa mtungi wa mafuta niulizeni mimi. Miaka kumi na moja nauza mahamri asubuhi na viazi karai jioni.

Mwaukumbuka mswada wa fedha wa 2024? Walitaka VAT asilimia 16 kwa mkate na ushuru asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Mkate na mafuta waliviondoa kabla ya kura, lakini mswada wenyewe ukabaki, vijana wakaingia barabarani nchi nzima, Juni 25 wakafika mpaka ndani ya Bunge, kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Haya. Wiki ile bei ilipokuwa bado ni maneno tu, nilishaanza kujibana. Na nitawaambia mwenye karai hujibana vipi, kwa sababu wanaopanga ushuru hawajawahi kusimama hapo.

Mahamri ni shilingi kumi. Mteja ukimwambia kumi na mbili anakutazama kama umemtukana. Basi unapunguza donge, kwanza kidogo, halafu kidogo tena, mpaka mteja anauliza hili ni hamri ama kaimati. Donge likishafika mwisho wa kupunguzwa unashika mafuta. Mafuta niliyokuwa namwaga siku ya pili nayachuja nayatumia siku ya tatu. Ya nne. Yanakuwa meusi kama kahawa tungu na yanafuka moshi kabla hayajapata moto sawasawa. Huyo mtaalamu wa Geneva ametoza mafuta ili watu wa Maweni wawe na afya. Watu wa Maweni wamekula viazi vya mafuta ya siku nne.

Sijivunii, nasema tu.

#5 Kijana wa Marafa
Bi Mahamri nimekula kwako wiki iliyopita. Ilikuwa siku ya ngapi?

#6 Bi Mahamri
@Kijana wa Marafa ya kwanza, wewe una bahati ya mtende.

#7 Nesi Mstaafu
Anayoyasema Bi Mahamri ni kweli kabisa, na mafuta yaliyochomwa mara nyingi yana madhara yake. Lakini tusikimbilie kusema ushuru haufanyi kazi. Mexico walianza 2014, peso moja kwa lita ya soda, na asilimia 8 kwa vyakula vya anasa vyenye nguvu nyingi. Mwaka wa kwanza ununuzi wa vinywaji vile ulishuka kwa kama asilimia 6, na waliopunguza zaidi walikuwa maskini. Uingereza wao tangu 2018 wanatoza kwa gramu za sukari, na viwanda vingi vilipunguza sukari kwenye chupa hata kabla siku haijafika. Pale mnywaji hakubadili kitu. Soda ndiyo iliyobadilika.

Mimi nimekaa wodini na watu waliokatwa miguu kwa kisukari. Nikisikia soda itapanda bei silii.

Kuhusu nazi, yule kijana amesema sahihi kwa lugha mbaya. Mtu wa presha kwanza mwondolee chumvi. Nazi mwambie apunguze, usimwambie aache, maana hataacha na atakudanganya kliniki ijayo.

#8 Kijana wa Marafa
Sasa mmefika kwenye soda, nisikilizeni. Msimu wa maembe mwisho wa mwaka, huku Marafa na kote Magarini, ngowe huanguka usiku kucha. Unalala unasikia *tu, tu, tu*. Asubuhi unakuta nzi. Broka anakuja na lori kutoka Mombasa, anakupa shilingi nne kwa tunda, ukikataa anapita kwa jirani. Mwaka juzi tulikaa watu kumi na wanne tukasema tukamue juisi, tutie kwenye chupa, tuuze Malindi na Watamu kwenye hoteli.

Tukaenda kuulizia. Kumbe juisi ya chupa ina ushuru wa bidhaa. Sawa, tukauliza kiasi gani. Jamani. Sheria ya ushuru wa bidhaa ya 2015 ilianza hivi: maji ya chupa na soda shilingi 5 kwa lita. Juisi ya matunda shilingi 10. Na imeandikwa wazi, iwe imetiwa sukari au haikutiwa. Embe langu lisilo hata kijiko cha sukari linatozwa mara mbili ya soda!

Sasa niambieni hiyo ni afya ya nani.

#9 Kunguru wa Sokoni
Ya soda.

#10 Hesabu Kavu
Kijana yuko sahihi kuhusu 2015, na ingawa viwango vilipandishwa baadaye, juisi iliendelea kukaa juu ya soda. Marekebisho mawili tu. Kwanza, mama anayesaga juisi kibandani akauza kwa glasi hayumo, ni iliyofungwa kiwandani. Pili, ushuru ule haukuwahi kuwa wa afya. Ni wa mapato. Ndiyo maana hauulizi gramu za sukari, unauliza lita, na maji matupu yanalipa sawa na soda. Uingereza juisi halisi ya matunda haimo kwenye tozo yao kabisa. Sisi tumegeuza.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tuige Mexico" mimi humwambia tuanze kwa kufuta tulichonacho.

#11 Msomi wa Barazani
Mimi nirudi kwa nazi maana imeonewa, na haikuanza leo.

Mwaka 1988 tajiri mmoja wa Omaha, Marekani, Phil Sokolof, aliyekuwa ameponea mshtuko wa moyo, alinunua kurasa nzima za magazeti makubwa akiuliza nani anaitia Marekani sumu. Akapiga picha biskuti na vyakula vya paketi, akasema tazameni, humu mna mafuta ya nazi na mawese. Wakulima wa soya wa kwao nao walikuwa na kampeni yao dhidi ya mafuta ya nchi za joto, na mnajua soya ni ya nani. Viwanda vikaogopa, vikaacha nazi. Vikaingia kwenye mafuta ya soya yaliyogandishwa kiwandani. Yale ndiyo yaliyojaa mafuta ya transi. Miaka ikapita, ikaonekana transi ni mabaya kuliko walichokikimbia. 2015 serikali yao ikaamua kwamba hayahesabiki tena kuwa salama, na 2018 WHO ikataka dunia nzima iyaondoe.

Miaka 30 walitutoa sokoni, kisha wakagundua walichoweka mahali petu ni kibaya zaidi. Nani alimlipa mkulima wa Ganda? Babu yangu alikuwa anakausha mbata, ua lote lanuka mbata, mafuta yanapakwa mpaka kwenye nywele. Leo ua lile ni plot.

#12 Nesi Mstaafu
Msomi, hadithi yako ni ya kweli na umeisimulia vizuri, lakini umeruka shimo moja. Transi kuwa mbaya hakuifanyi nazi kuwa dawa. Chama cha moyo cha Marekani kilirudia tena 2017 kwamba mafuta ya nazi yanapandisha kolesteroli mbaya. Na tui si mafuta ya kukamuliwa, lina maji, linakuja na mchicha na samaki. Bibi zetu walikula nazi wakaenda shamba kwa miguu Ganda mpaka mtoni na kurudi. Mjukuu anakula nazi ile ile, akipanda bodaboda kwenda dukani kununua kredo.

Na biskuti ya shilingi tano mbona hakuna anayeitaja?

#13 Mvuja Jasho (Gongoni)
Salamu. Mmesahau chumvi, nami ndiyo inayonilisha.

Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya inatoka ukanda huu wetu, Gongoni mpaka Marereni na Kurawa. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye madimbwi, jua linayala, yanabaki meupe yanachoma macho. Tunavaa kofia na bado unarudi nyumbani umekunja uso kama umelamba ndimu. Visigino vinapasuka, na kwenye mpasuko ndiko chumvi inakoingia.

Sera ya afya duniani imetugusa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kututafuta: chumvi lazima itiwe madini joto, ili watu wa bara wasiote rovu. Hapo kila mtu alitupenda, chumvi ikawa dawa. Ya pili ni ya kutukimbia: WHO inasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na Januari 2025 wametoa mwongozo wa kupendekeza chumvi mbadala yenye potasiamu nyumbani. Potasiamu haitoki Gongoni.

Sisemi watu wafe kwa presha ili mimi nipate kibarua. Mamangu mwenyewe ana presha. Nauliza tu kama kuna aliyewahi kuhesabu.

#14 Mwanalamu
Watu wa Malindi mwalalamika sana. Sisi Lamu punda hatozwi.

#15 Kunguru wa Sokoni
@Mwanalamu mngoje bandari iishe kujengwa yote, mtatozwa hata kivuli cha punda.

#16 Hesabu Kavu
@Mvuja Jasho, hesabu moja ya kukutuliza: chumvi nyingi inayovunwa duniani hailiwi, inakwenda viwandani, kemikali, ngozi, na barabara za barafu huko kwao. Watu wakipunguza kijiko si lazima dimbwi likauke. Lakini kama kampuni yenu inauza ya mezani tu, hofu yako ina msingi.

#17 Mtoto wa Embu
Mimi si wa Pwani lakini nasoma kimya tangu #1, nikaona lazima niandike. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna jamaa ya miraa, kwa jina la afya ya vijana. Babangu ana ekari mbili za muguka, hana kitu kingine. Wiki ile magunia yalirudi njiani yamenyauka. Muguka ukinyauka ni takataka, hata mbuzi hali. Ikaendwa kortini Embu, marufuku ikasimamishwa.

Sasa leo nawaona watu wa Kilifi wakilia kuhusu nazi na chumvi. Karibuni kwenye benchi.

#18 Bi Mahamri
Mwanangu wa Embu pole kwa babako, lakini usiniwekee nazi kando ya muguka. Mimi nina kijana alikuwa anatafuna mpaka alfajiri, halali, hali, anazungumza na ukuta. Nazi haijamfanyia mtu hivyo.

#19 Mtoto wa Embu
Mama, sikatai, na pole kwa kijana. Nachosema ni kwamba hakuna aliyemwambia babangu apande nini badala yake. Kama alivyosema mama wa #1: uache, halafu upike na nini?

#20 Kunguru wa Sokoni
Niliwaambia #2.

#21 Mwana wa Mkwezi
Nimerudi. Mtoto wa Embu umenigusa, na kuna kitu sikukisema mwanzo. Mnazi una kesi mbili, si moja. Ukiacha karara lipasuke lizae, baada ya mwaka hivi una nazi, broka anachukua kwa shilingi 15 au 20 shambani na wewe unaiona sokoni Malindi kwa hamsini. Ukilifunga karara kabla halijapasuka ukaligema, unapata tembo asubuhi na jioni, na pesa ni ya leo leo. Huwezi kupata vyote viwili kwa karara moja. Minazi yetu arobaini na sita, kumi na minane inagemwa. Ushuru wa pombe unaosukumwa na WHO utashika chupa za viwandani, mteja atashuka kwenye tembo letu, na mgema atafunga makarara mengi zaidi. Nazi zitapungua tena. Nazi zikipungua zinapanda bei, mama wa mjini ananunua mafuta ya mtungi.

Sijui kama nafikiria vibaya. Naiona hivyo kutoka juu ya mnazi.

#22 Hesabu Kavu
Hufikirii vibaya. Unasahau tu kwamba nusu ya minazi ya Kilifi ni mizee, ingepungua hata bila WHO. Watu wanaikata mbao.

#23 Mwana wa Mkwezi
Nusu umeitoa wapi?

#24 Hesabu Kavu
Nimekamatwa. Si takwimu, ni macho yangu nikipita Kakuyuni. Futa nusu, weka mingi.

#25 Kijana wa Marafa
Mnazungumza Denmark na Mexico, na ushuru wa chakula unaotuuma haujavuka hata Sabaki. Sesi, ushuru wa kaunti kwa mazao! Nikitoa maembe Marafa nalipa, nikifika Kongowea nalipa tena kuingia soko. Embe lililooza njiani nimelilipia sawa na lililofika. Soda inapita kizuizini kwenye lori lake, haipungi hata mkono.

Tukitaka watu wale matunda tuanze pale kwenye kizuizi.

#26 Nesi Mstaafu
Nakuunga mkono mia kwa mia, na niongeze jambo linalonikosesha usingizi kuliko kolesteroli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano Kilifi wamedumaa. Nchi nzima ni 18. Hakuna kaunti iliyotupita. Kaunti ya maembe, nazi, samaki, korosho! Nyumba moja naingia, bibi ana presha na uzito, mjukuu ana mkono kama kijiti. Wanakula sufuria moja: sima, na mchunga usio na kitu. Ushuru gani utamsaidia mmoja bila kumuumiza mwenzake?

#27 Msomi wa Barazani
Ni mabroka. Mazao yote mazuri yanaondoka.

#28 Mvuja Jasho (Gongoni)
Ni maji. Mama akishinda akitafuta maji, nani ampikie mtoto uji mara tatu?

#29 Hesabu Kavu
Na kuhara, kwa maji hayo hayo. Mtoto anakula, hakikai. Lakini mniruhusu niwachekeshe kabla sijatoka. Sukari. Kenya iliizuia sukari ya wenzetu wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, isiingie kiholela tangu 2002 mpaka Novemba 2025, mwaka nenda rudi tukiomba muda zaidi kulinda viwanda vyetu vya miwa. Kwa hiyo sukari yetu ilikuwa ghali tayari kuliko kwa majirani. Ni kama tulikuwa na ushuru wa sukari zaidi ya miaka 20! Na Julai 2025 ikaanza tozo ya asilimia 4 ya kuendeleza sukari, ili miwa *iongezeke*. Wizara moja yasema punguza, nyingine yasema panda zaidi. Na chai ya Malindi ni vijiko vinne vile vile.

#30 Bi Mahamri
Vitano. Na iliki.

#31 Nesi Mstaafu
@Mwana wa Mkwezi, mama anaendeleaje? Alirudi kliniki?

#32 Mwana wa Mkwezi
Alirudi jana, shangazi. Nilimsomea ulichoandika #7, akacheka, akasema huyo nesi anajua watu. Chumvi amepunguza kweli, anakamulia ndimu. Nazi sasa anakuna moja badala ya mbili, na mchicha wake anaupika kwa tui la pili, lile jepesi.

#33 Nesi Mstaafu
Vizuri sana. Na tui la kwanza?

#34 Mwana wa Mkwezi
Ananipa mimi.

#35 Kunguru wa Sokoni
Kata kadi ya kliniki mapema.

#36 Bi Mahamri
Mkwezi, tuache mzaha. Nazi mia unaniuzia vipi nikija na tuktuk mwenyewe, bila broka? Nitumie ujumbe wa faragha. Mbata usinitilie.